Pikipiki ina kilomita 186 na nimeipandisha mlima wa Ipogolo na mzigo. Nimeshaua injini?

kijana_wa_kihesa

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu, maana sijui kama leo nitalala.

Jumatano iliyopita nimekabidhiwa Boxer mpya kabisa. Imefunguliwa kwenye boksi naangalia, siti bado ina nailoni, mita inasoma kilomita 3. Ni ya mkataba: hesabu elfu 10 kwa siku, Jumapili yangu, miezi 14 halafu kadi inahamia kwenye jina langu. Nina miaka mitano kwenye bodaboda hapa Iringa, ila pikipiki zote nilizoshika nilizikuta zimeshachoka. Hii ndiyo ya kwanza kuanza nayo ikiwa sifuri, na ndiyo ya kwanza ambayo nikiitunza itakuwa yangu.

Aliyeiuza aliniambia neno moja tu, "usiikimbize". Kijiweni kila mtu ana lake. Kitabu chake bosi kakiweka nyumbani pamoja na kadi.

Leo saa 8 mchana nilikuwa na elfu 4 tu mfukoni. Nikapata mama mmoja pale Ipogolo anakwenda Mlandege, ana kiroba kikubwa cha viazi na begi. Moyo ulinikataza, lakini hesabu ilikuwa inanisubiri. Nikafunga kiroba nyuma, mama akakaa katikati, tukaanza kupanda. Kwa kuwa niliambiwa nisiikimbize, nikaweka gia ya 4 nikaenda taratibu, kama 30 hivi. Nusu ya mlima ikaanza kutetemeka, halafu ikawa inagonga kwa ndani, ko-ko-ko-ko. Naongeza mafuta, haiitikii. Nikashuka mpaka gia ya 2 ndipo ikatoka. Kufika juu nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikaona moshi mwembamba unapanda pale ekzozi inapoungana na injini. Nikamshusha mama, nikamwomba radhi, nikazima. Nimekaa pale karibu nusu saa, injini mkono haugusiki.

Baada ya hapo imewaka vizuri na sauti ni ya kawaida. Lakini roho yangu haijatulia. Nimeiharibu? Na kuanzia kesho niiendesheje, huku hesabu inatakiwa kila jioni? Oili ya kwanza niimwage lini?

dereva_mashine_tatu

Pole sana mkuu. Yangu nilivyoichukua mpya sikuzidisha 40 mpaka ikafika kilomita 2,000. Gia ya juu muda wote ili isipige kelele, mafuta kidogo kidogo, abiria sikubeba kabisa, nilikuwa na kibarua kingine. Inadunda mpaka leo. Inakula oili kidogo tu, naongezea kila wiki. Ibembeleze, itakulipa.

mpanda_nduli

Msimtishe kijana. Wamarekani wanafundisha mtandaoni kwamba injini mpya unaivuta kwa nguvu toka siku ya kwanza, ndipo ringi, zile pete za pistoni, zinakaa vizuri. Injini za sasa hazihitaji kubembelezwa. Piga kazi, rudisha hela ya watu.

fundi_njia_ya_kalenga

Kamwene, mdogo wangu. Nafungua injini za pikipiki hapa Iringa tangu 2006, na kabla ya hapo nilikuwa nashika spana kwenye malori. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: hujaiua. Injini haifi kwa mlima mmoja. Harufu ile na moshi wa shingoni mwa ekzozi ni rangi na grisi ya kiwandani inaungua. Kila pikipiki mpya hufanya hivyo mpaka ipate moto mara kadhaa, halafu inaacha. Moshi ungekuwa unatokea mdomoni mwa ekzozi kule nyuma, tena wa bluu, ningekuambia uje kesho alfajiri. Na ulifanya mambo mawili ya maana: ulishuka gia, na ulizima ukaiacha ipoe.

Lakini ule mlio wa ko-ko-ko nataka uushike kichwani siku zote. Watu wamekariri "usiikimbize", wakadhani inahusu mita ya spidi. Injini haijui spidi ya barabarani. Inachojua ni mzigo iliobebeshwa na mzunguko ilionao. Kwenda 30 kwa gia ya 4, mlimani, watu wawili na kiroba, ni mateso makubwa kuliko 50 kwenye tambarare ukiwa peke yako. Pale pistoni inasukumwa kwa nguvu zote huku kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikijikokota. Pampu ya oili inazungushwa na kranki hiyo hiyo, kwa hiyo nayo inajikokota. Upepo wa kupoza bloku, ile nyumba ambamo pistoni inapanda na kushuka, nao hakuna, maana hamwendi. Joto linapanda, oili haitoshi, mzigo ndio huo. Uliposhuka gia ya 2 kelele iliongezeka ukaogopa, lakini injini ndipo ilipopumua.

Nikueleze kinachoendelea mle ndani, ukikielewa hutahitaji kukariri namba za mtu. Chukua bloku mpya uielekeze juani. Ukuta wa silinda hauko laini kama kioo. Una michoro myembamba iliyopishana, kama ukindu uliosukwa. Karakana kwangu nina bloku moja juu ya kabati ambayo haijawahi kufungwa kwenye pikipiki, na kila kijana anayekuja kujifunza namwambia apitishe ukucha ndani yake. Unakwaruza kidogo, krr. Vile vijimfereji vinashika oili, na zile ncha zake zinasagana na ringi mpaka ringi na ukuta vipate umbo moja. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inaisha katika kilomita mia chache za mwanzo. Ncha zikishalainika, ringi ilivyokaa ndivyo itakavyokaa.

Sasa ringi inabanwa na nini ukutani? Ina mkazo wake kama springi, lakini ni mdogo. Nguvu hasa inatoka kwenye mlipuko wa petroli: gesi inashuka pembeni mwa pistoni, inaingia nyuma ya ringi, inaisukuma nje. Ukibembeleza siku nzima kwa mkono wa mafuta robo na mwendo mmoja, gesi haina nguvu ya kutosha. Ringi inateleza badala ya kusaga, oili iliyobaki ukutani inaungua, inaacha utando mgumu unaong'aa, na vile vijimfereji vinazibika. Kaka wa Mashine Tatu, nasema kwa heshima: hiyo oili unayoongezea kila wiki nadhani ilianzia kwenye zile 2,000 za gia ya juu. Nimefungua nyingi zilizolelewa hivyo. Bloku inakuwa kama kioo cha kunyolea, na juu ya pistoni kuna masizi meusi yenye oili.

Na ndugu wa Nduli, hao Wamarekani hawakusema uongo, ila umebeba nusu ya maneno yao. Wao wanapasha injini moto kwanza. Wanavuta kwa sekunde chache, halafu wanaachia. Mtu yuko peke yake, hana mzigo. Sisi tukisikia "ivute" tunafungua mafuta mpaka mwisho kutoka Ipogolo mpaka mjini na mshikaki wa abiria nyuma. Pistoni ni aluminiamu, inatanuka kwa joto kuliko silinda inayoizunguka. Wakati ncha nyingi bado zinasagana joto ni kubwa kuliko kawaida, na ukiongeza mzigo usio na mapumziko pistoni inakosa nafasi, inaanza kuukwaruza ukuta. Huko mwisho wake ni kunoki, pistoni inang'ang'ania silinda.

Kwa hiyo kesho fanya hivi. Baridi ya Iringa ya miezi hii unaijua. Washa kwa choki, ipe dakika moja au mbili, rudisha choki, ondoka taratibu mpaka injini ipate joto. Usiiache inanguruma kijiweni huku unapiga soga, maana injini ya kupozwa na upepo haina upepo ikiwa imesimama. Mpaka kilomita 500 usizungushe mkono wa mafuta kuvuka nusu, isipokuwa kwa sekunde chache, na usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Pandisha, shusha, badilisha gia. Abiria mmoja wa tambarare beba, kutoka Kihesa mpaka mjini hakuna ubaya. Ule mlima wa Ipogolo uache kwa wenzako, na ukilazimika, anza na gia ya 2 tangu chini, usisubiri ilie.

Jumapili yako itumie kwa ajili yake. Toka peke yako asubuhi, shika njia ya Dodoma, pita uwanja wa ndege wa Nduli, barabara ikishakuwa na nafasi weka gia ya 3. Kutoka 25 vuta vizuri mpaka 40, kisha achia mafuta yote bila kushika klachi mpaka irudi 25, vuta tena. Unapovuta, gesi inazikaza ringi. Unapoachia, oili kidogo inapanda ukutani, inapoza, inaosha unga wa chuma. Nusu saa ya hivyo inafaa kuliko wiki ya kubembeleza. Mwombe bosi akupigie picha ukurasa wa kitabu wenye mwendo wa kila gia, na kitabu kikipishana na mimi, fuata kitabu. Vile vya Honda nilivyosoma vinataja kilomita 500 za kwanza, vingine vinaenda mpaka 1,000 au 2,000.

Oili. Hapa sibembelezi mtu. Ya kwanza imwage ikifika 500, hata kama bado inaonekana ya dhahabu. Imwage injini ikiwa ya moto, kwenye beseni jeupe la plastiki, lisogeze juani kisha litikise taratibu. Utaona inametameta kama mtu kamwagia vumbi la fedha. Ule ndio unga wa ncha nilizokuambia, pamoja na wa gia na klachi, kwa sababu kwenye pikipiki yako vyote vinaoga oili moja. Ukiuacha unazunguka humo, unasaga beringi. Toa na chujio la wavu, lioshe kwa petroli. Ya pili imwage kwenye 1,500. Na usikubali mtu akuwekee oili ya gari eti ni ya bei kubwa zaidi. Oili nyingi za gari zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inafanya kazi kwa msuguano huo huo. Itaanza kuteleza mlimani. Kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA au MA2, ni alama ya oili ya pikipiki ambayo klachi yake inaoga oili. Unene fuata kitabu.

Siku hiyo hiyo tapeti, yaani nafasi ya valvu, zisetiwe, injini ikiwa baridi ya kulala usiku kucha, kwa fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, na si kwa sikio. Tapeti inayolia kidogo inakuambia ukweli. Iliyobana iko kimya, na valvu inaungua taratibu bila wewe kujua. Cheni mpya inalegea haraka, iangalie kila wiki. Kaza spoku na nati zote. Tairi mpya zinateleza siku za mwanzo, lala nazo kwenye kona kwa adabu.

mama_pikipiki_tatu

Fundi kamaliza upande wa chuma, mimi nina la upande wa pili, maana ni mmiliki. Nipo Mafinga, nina tatu barabarani.

Pikipiki yangu ya kwanza nilimpa kijana mzuri tu, mchapakazi, nikamwambia hesabu kamili kuanzia kesho. Sikujua kitu kuhusu injini mpya na hakuna aliyenieleza. Kijana naye aliogopa kurudi na pungufu, akawa anabeba kila kilichokuja: mbao, simenti, watu wawili wawili. Oili ya kwanza aliimwaga mwezi wa tatu wa kazi. Mwezi wa saba ilikuwa inatoa moshi wa bluu, nikaifungua juu kwa karibu laki 2 na nusu: bloku, pistoni, ringi, gasketi, na fundi. Tukagombana nani alipe. Yule kijana aliacha kazi, na mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa kuangalia chini. Linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyempa hesabu ambayo pikipiki ilikuwa bado haiwezi kuilipa.

Siku hizi kwenye mkataba naandika: wiki mbili za kwanza hesabu ni nusu, na oili ya kwanza natoa mimi. Siku 12 za kazi kwa elfu 5 pungufu ni elfu 60. Linganisha na laki 2 na nusu. Kitabu natoa kopi, dereva anabaki nayo. Mwanangu, nenda kwa bosi wako kwa heshima, usiende na malalamiko, nenda na hesabu hizi kwenye karatasi. Pikipiki bado ni mali yake kwa miezi 14. Anayo sababu ya kukusikiliza.

kijana_wa_kihesa

Shikamoo mzee fundi, shikamoo mama. Samahani nimechelewa kurudisha majibu, nilitaka nirudi na kitu cha kueleza.

Kwa bosi nilienda jioni ya siku iliyofuata. Niliandika kwenye daftari kama mama alivyoelekeza, elfu 60 upande huu, gharama ya kufungua injini upande ule. Alikaa kimya muda mrefu anaangalia. Akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia ukweli, kuna fundi na mama mmoja mwenye pikipiki. Akakubali elfu 6 kwa siku mpaka kilomita 500, na akaniletea kitabu chenyewe, si picha. Sikutegemea.

Jumapili nilikwenda njia ya Dodoma saa 1 asubuhi, baridi kali, vidole vimekufa ganzi. Nikafanya kama ulivyosema, mzee. Mwanzoni ilikuwa nikiachia mafuta inashtuka na kuvuta nyuma kwa ghafla. Kurudi, sijui kama ni mawazo yangu, ilikuwa inaitikia kwa ulaini, na mngurumo wake ikiwa imesimama umetulia, haizimiki ovyo kama wiki ya kwanza.

Jana imefika 507. Nimemwaga oili nyumbani kwenye beseni la mke wangu la kufulia, nimeshamnunulia lingine. Nililisogeza juani nikalitikisa. Mzee, nilikaa pale nimechuchumaa kama dakika kumi. Inametameta kweli, mistari mistari inazunguka kama mafuta ya samaki juu ya mchuzi. Nilichovya kidole nikasugua na gumba, sikuhisi punje, lakini kidole kilibaki na rangi ya fedha mpaka jioni. Nikafikiria pikipiki zote nilizowahi kushika, kwamba huo unga ulibaki humo.

Kwenye chujio nimekuta vitu viwili. Kipande kama uzi wa mpira wa kijivu, na kipande cha chuma chembamba kilichojikunja, kifupi kuliko punje ya mchele. Nimevihifadhi kwenye kiberiti. Ni vya kuogopa? Na kuna mteja anataka nimpeleke Ilula Jumatatu, abiria mmoja, hana mzigo. Niende?

fundi_njia_ya_kalenga

Marahaba. Umefanya kazi safi.

Uzi wa kijivu ni gundi ya gasketi, iliyobanwa ikatokeza kwa ndani wakati wa kufunga injini kiwandani. Ni kawaida. Hicho cha chuma kilichojikunja ni unyoya wa mashine, kinabaki wakati wa kukata gia au nyuzi za bolti. Kimoja tu oili ya kwanza sikiogopi, ila kitunze. Ukikuta kingine kwenye 1,500, au ukikuta kipande bapa kinachong'aa badala ya kilichojikunja, usiwashe tena, niletee.

Ilula nenda. Abiria mmoja bila mzigo, barabara nzuri, ni safari inayoifaa. Badilisha mwendo njiani, katikati simama dakika kumi ipoe, kagua na cheni. Ila tapeti kwanza. Niletee Jumamosi jioni kabla ya saa 11, ilale kwangu, Jumapili asubuhi nitaziseti ikiwa ya baridi kabla sijaenda kanisani, ufike saa 2 uichukue. Kiberiti chako njoo nacho, niwaonyeshe vijana.